Huruma Huanzia kwenye Tupa

Mwindaji wa upinde ana nafasi moja tu ya kumhurumia mnyama, nayo hupita kabla hajatoka nyumbani. Akishafika porini, nguruwe akishachomoza pua kichakani, karibu kila kitu kimekwisha kuamuliwa: kigumba kina makali au hakina, mshale umenyooka au una kombo, mkono umezoea uzito wa upinde au unatetemeka. Kinachobaki ni kuvuta na kuachia, au kutovuta kabisa. Ndiyo maana katika majuma haya ya mwisho kabla ya safari sioni kwamba ninasubiri kuwinda. Uwindaji umekwisha kuanza, na sehemu yake nzito ndiyo hii ya mezani, penye tupa, kinoo na donge la nta.

Ninakokwenda ni mashariki ya Texas, kwenye misitu ya mabondeni ya Mto Trinity, ambako mvua ikinyesha siku mbili mfululizo ardhi yote hugeuka tope na mialoni husimama majini. Nguruwe wa huko si wenyeji wa bara lile. Msafara wa Mhispania Hernando de Soto ulitua Florida mwaka 1539 ukiswaga nguruwe wa chakula, na katika karne zilizofuata waliotoroka mikononi mwa wafugaji waligeuka mwitu. Mwaka 1912 wakaletwa nguruwe mwitu wa Ulaya katika milima ya North Carolina, wafugwe ndani ya uzio kwa ajili ya wawindaji matajiri. Uzio haukuwazuia, wakatoka na kuchanganyika na wale wa kwanza. Leo wako katika majimbo zaidi ya 30 ya Marekani, na katika Texas peke yake wanakadiriwa kupita milioni 2. Jike hubeba mimba kwa miezi 3, wiki 3 na siku 3, huzaa watoto wengi kwa mkupuo, na mwaka haujaisha binti zake nao wana mimba. Usiku mmoja kundi lao linaweza kulifukua shamba la mahindi machanga mstari kwa mstari, kana kwamba kuna mtu aliyewaonyesha mbegu zilipofukiwa.

Serikali imewajibu kwa nguvu zake zote. Mwaka 2011 sheria ya Texas iliruhusu raia wapande helikopta na kuwapiga risasi kutoka angani. Mwaka 2017 ikaongezwa ruhusa ya kutumia puto la hewa ya moto. Tangu mwaka 2019, katika ardhi ya mtu binafsi, ruhusa ya mwenye ardhi inatosha, leseni haitakiwi. Hakuna msimu, hakuna idadi, hakuna saa. Mnyama huyu ametolewa kabisa katika hesabu ya wanyama wanaolindwa.

Hasira ya mkulima naijua. Nimekulia bonde la Kilombero, na usiku wa kulinda mpunga na mahindi juu ya dungu, debe mkononi na macho yakiuma kwa moshi, si jambo la kusimuliwa. Nguruwe wa kwetu ni wa jamaa nyingine, mwekundu zaidi, mwenye manyoya marefu masikioni, lakini uharibifu ni ule ule, na mama anayeamka alfajiri akakuta muhogo wake umepinduliwa hana haja ya kuhubiriwa juu ya haki za wanyama. Sibishani naye. Ninachokipinga ni hatua inayofuata baada ya hasira: kwamba mnyama akishaitwa mharibifu, basi namna anavyokufa si kitu tena. Nimesikia watu wazima, wenye adabu zao, wakisimulia jinsi walivyowamiminia risasi na kuwaacha wakijikokota vichakani na matumbo nje, na wasikilizaji wakacheka. Mtu huyo huyo akimjeruhi kulungu, halali usiku. Nguruwe ana moyo ule ule, mapafu yale yale, na anapoumia hulia kwa sauti inayofanana mno na ya mtu. Uharibifu wake unaweza kutosha kuwa sababu ya kumuua. Hautoshi kuwa sababu ya kumuua vibaya.

Rafiki yangu mmoja, mzaliwa wa Bukavu, aliniuliza siku moja akinitazama nikinoa: “Ndugu yangu, bunduki iko, juu ya nini unajitesa hivi?” Swali lake ni la haki, na jibu si kwamba upinde una huruma kuliko risasi. Bunduki nzuri mikononi mwa mtu makini huua haraka. Lakini bunduki humwezesha mtu kuua akiwa mita 200 kutoka kwa mnyama, bila kumjua, na uwezo huo huzoesha. Upinde wa mbao hauna uwezo huo. Unataka mita 15, na ukiwa mita 15 unasikia mnyama anavyopumua, unaona matope yaliyokauka ubavuni, unajua kama ni jike lenye watoto nyuma yake. Silaha dhaifu humdai mtu kila kitu ambacho silaha kali imemsamehe. Mimi nataka kudaiwa.

Basi deni lenyewe huanzia kwenye upinde. Wangu hauna kapi wala kioo cha kulengea. Pinde za kisasa zina magurudumu yanayompunguzia mvutaji uzito; akifika mwisho wa mvuto anashikilia sehemu ndogo tu, anatulia, analenga. Huu, ukivutwa hadi kona ya mdomo, uzito wote, karibu kilo 22, umo katika vidole vitatu. Umechongwa katika Maclura pomifera, mti wa miiba wenye mbao za manjano ambao kwao ni bonde la Mto Red, mpakani mwa Texas na Oklahoma. Wacaddo, wenyeji wa nchi hiyo, walikuwa mafundi wake, na pinde zao zilitafutwa na watu wa mbali. Fundi huondoa ganda na mbao laini ya nje, kisha huifuata pete moja ya ukuaji, yaani mwaka mmoja wa uhai wa mti, kutoka ncha hadi ncha bila kuikata. Akiikata mahali pamoja tu, siku moja upinde utavunjikia hapo hapo.

Kila jioni napitisha kipande cha pamba mgongoni mwake, polepole, kwa urefu wote. Pamba ikinasa, kuna kibanzi kimeinuka, na kibanzi ndio mwanzo wa ufa. Upote naukagua vilevile: nyuzi zipakwe nta ya nyuki hadi ziwe kitu kimoja, na mahali mshale unapopachikwa pasiwe na uzi uliokwaruzika. Upote wa pili unakuwa mfukoni, nao umekwisha kutumika kwa kutosha, maana upote mpya hurefuka kidogo na mshale hubadilisha njia. Kuuacha upinde umetegwa ndani ya gari lililopigwa na jua ni kuuua. Kuuvuta na kuuachia bila mshale ni vibaya zaidi.

Mishale ni kazi ndefu kuliko zote. Miti yake ni mierezi ya Oregon, myepesi na yenye harufu nzuri ikipashwa moto. Watu hudhani mshale mnyoofu huruka ukiwa mnyoofu. Haiwi hivyo: upote unapousukuma kwa nyuma, mshale hujipinda, ukauzunguka upinde kama nyoka anavyolizunguka jiwe, kisha ukajinyoosha mbele ya safari. Ukiwa mgumu mno hukwepa upande mmoja; ukiwa mlegevu mno, upande mwingine. Kwa hiyo kila mti hupimwa unavyopinda chini ya uzito, na ni ile inayolingana na upinde huu tu inayobaki. Manyoya ni ya bata mzinga, na katika mshale mmoja yote yawe ya bawa la upande mmoja, kwa sababu la kulia na la kushoto hayapindi sawa na hayauzungushi mshale kwa upande mmoja. Halafu uzito: mshale wa kulungu unaweza kuwa mwepesi, wa nguruwe sharti upate gramu 40 au zaidi, uwe na nguvu ya kuendelea kupenya baada ya kugusa.

Na kuna sauti. Mshale kutoka upinde wa namna hii huenda takriban mita 52 kwa sekunde. Katika mita 15 unachukua karibu theluthi moja ya sekunde. Mlio wa upote, unaosafiri mita 340 kwa sekunde, unamfikia mnyama mapema mno, na yeye, kabla hajajua ni nini, miguu yake imekwisha kuinama kwa kuruka. Mita 30 ni mara mbili ya muda huo, na katika muda huo ubavu uliolengwa unakuwa tumbo. Ndiyo maana nafunga vishada vya manyoya ya kondoo kwenye upote, vinywe mtetemo. Ndiyo maana pia umbali wangu si jambo la kuamua siku ile, damu ikichemka. Naamua sasa, hapa, nikiwa nimekaa. Zaidi ya mita 15 sivuti, hata awe dume la ajabu, hata awe amesimama kwa raha zake.

Sasa vigumba. Vyangu ni bapa, vyenye makali mawili, chuma kigumu kisicho na urembo. Tupa hupita kwanza, kwa pembe moja isiyobadilika, mpaka ukingo wote ung’ae sawasawa. Kisha kinoo cha mafuta, chenye chembe kubwa kwanza halafu chororo. Kisha ngozi iliyopakwa dawa ya kung’arishia, kigumba kikivutwa kinyumenyume, mara nyingi kuliko subira ya kijana inavyoruhusu. Kipimo cha wengi ni kunyoa vinyweleo vya mkono. Mimi nina kipimo kingine: raba nyembamba ya kufungia noti, naivuta kidogo, naigusisha kwenye makali bila kukandamiza. Ikikatika papo hapo, kigumba kimepita. Ikinyumbuka na kusogea, kigumba kinarudi kwenye tupa. Maana mishipa ndani ya mwili ni hivyo hivyo, inanyumbuka, inasogea mbele ya chuma butu na kukiacha kipite. Mshale hauui kwa kishindo. Unaua kwa kutoa damu, na mkato safi wa mapafu yote mawili humwangusha mnyama katika muda wa pumzi chache, mara nyingine kabla hajaelewa kwa nini miguu inakataa. Mkato uliochanika huziba na kuvuja na kuziba tena. Tofauti ya vifo hivi viwili ni dakika ishirini za mezani kwa kila kigumba, na mtu anayesema hana dakika hizo asiende.

Ujuzi huu katika Marekani ya leo una ukoo unaojulikana, na ukoo huo una uchungu. Agosti 1911 mtu mmoja alitokeza karibu na mji wa Oroville, California, amedhoofika kwa njaa, akiwa wa mwisho wa Wayahi, watu ambao walowezi walikuwa wamewaua kwa makundi. Alipewa jina Ishi. Aliishi katika jumba la makumbusho la chuo kikuu, huko San Francisco, na daktari mpasuaji aliyeitwa Saxton Pope akawa tabibu wake na mwanafunzi wake: Ishi alimfundisha kuchonga upinde, kutengeneza mishale, kunyemelea, kukaa kimya. Alifariki Machi 1916 kwa kifua kikuu. Mwaka 1923 Pope alichapisha kitabu juu ya kuwinda kwa upinde, na wazungu wengi walioshika upinde wa mbao baada ya hapo walianzia kwake. Sijui kuutazama upinde wangu bila kumkumbuka mwalimu huyo aliyefundisha taifa lililommalizia ndugu zake.

Mwaka 1925 Pope, mwenzake Arthur Young na mwandishi Stewart Edward White walikuja Tanganyika kuwinda simba kwa mishale, White akiwa nyuma yao na bunduki. Walikaribishwa kama wanamichezo. Sheria za wanyamapori za wakoloni, kwa upande mwingine, zilikuwa zikimgeuza mwenyeji aliyeshika upinde wa babu yake kuwa jangili. Huko Kenya, baada ya Tsavo kutangazwa hifadhi mwaka 1948, Waata, wawindaji wa ndovu ambao pinde zao zilitaka nguvu ya zaidi ya kilo 45 kuvutwa, walisakwa katika miaka ya 1950, wakafungwa, na utaalamu wao ukafa katika kizazi kimoja. Ni kweli kwamba pembe za ndovu waliowaua ziliingia sokoni, na ndovu walihitaji kulindwa. Lakini upinde ule ule uliokuwa uhodari mkononi mwa mgeni ukawa kosa mkononi mwa mwenyeji, na hilo hadi leo halijaniingia akilini.

Wahadza wa kando ya Ziwa Eyasi wangali na pinde zao. Wao hufua vigumba kwa misumari, kwa kugonga tu bila tanuri, na mishale ya wanyama wakubwa huipaka sumu: utomvu wa Adenium, ambao huuita panjube, au mbegu za Strophanthus eminii, shanjo. Zote mbili hushika moyo. Mti wa mshale hupashwa moto na kunyooshwa kwa meno, jicho moja limefumbwa, kila siku, wakati wa mazungumzo, wakati wa kumbembeleza mtoto. Watafiti waliokaa nao miaka ya 1980 walikuta kwamba katika siku 97 kati ya 100 mwindaji hapati mnyama mkubwa. Anayeijua hesabu hiyo na bado kila jioni ananyoosha mishale yake haendeshwi na tamaa ya nyama peke yake. Katika hali hiyo maandalizi ndiyo maisha, na kuua ni tukio la nadra ndani yake.

Mimi sina sumu, hivyo nategemea kujua mwili. Moyo na mapafu ya nguruwe viko chini na mbele kuliko vya kulungu, vimejificha nyuma ya mguu wa mbele. Dume pevu lina ngao mabegani, tabaka nene na gumu linalolikinga likipigana na madume wenzake, na mishale ya watu wengi imeishia hapo. Dawa ni kusubiri ageuke kidogo, mguu wa mbele ukisogea, kigumba kipite kati ya mbavu kuelekea bega la upande wa pili. Akikutazama, usivute. Akiwa na mwenzake nyuma yake, usivute. Nafanya mazoezi nimepiga magoti, nimekaa, nimevaa koti zito, jua likizama. Muhimu kuliko yote ni mshale wa kwanza wa asubuhi, kabla misuli haijapata joto, kabla sijala. Mshale huo mmoja ndio unaofanana na porini, ambako hakuna wa kujaribia.

Macho ya nguruwe si makali, lakini pua yake haidanganyiki. Nguo zimefuliwa bila sabuni ya harufu na kuanikwa nje na majani ya msonobari. Nimebeba kikopo cha majivu yaliyochekechwa, kama alivyobeba babu yangu katika kitambaa: chembe kidogo hewani, na upepo unajieleza. Upepo ukigeuka, ninarudi nyuma na kuzunguka, hata kama ni saa nzima ya matope. Msasi haogopi miiba, wahenga walisema, na pale Trinity miiba ipo, pamoja na nyoka wa majini wenye vinywa vyeupe.

Baada ya kupiga, kazi ngumu ni kutulia. Damu ya waridi yenye povu ni ya mapafu. Unasubiri nusu saa, kisha unafuata. Damu nyeusi ni ya ini, saa kadhaa. Mshale ukirudi na harufu ya utumbo, ni usiku mzima wa kungoja, maana ukimkimbiza atakwenda kufia mbali na asipatikane. Nimeweka tochi mbili, betri za akiba, na karatasi nyeupe za kufungia vijiti kila penye tone, ili nikiangalia nyuma niione njia aliyoifuata. Hakuna kuacha njia hiyo kwa sababu ya usingizi au mvua.

Halafu nyama. Nguruwe hawa hubeba bakteria wa Brucella, kwa hiyo glavu za kuchunia ziko ndani ya begi, na nyama yote ipikwe hadi katikati yake ifike nyuzi 71. Masanduku ya barafu ni mawili makubwa. Mapaja ya nyuma yatafukiwa chumvi. Mbavu ni za ndugu yangu wa Bukavu, ambaye amekwisha kuchagua siku na kuwaita watu wake wa Kivu, na kundi la Watanzania wa huku litataka kitimoto chake cha kukaanga na ndizi, pilipili na ndimu. Kwa jirani zangu wa Zanzibar haiendi, wala vyombo vyake havivuki ua. Mzee mwenye shamba nitakalowindia hataki malipo, ameomba kichwa. Mke wake, ambaye wazazi wake walitoka Meksiko, hukichemsha usiku kucha kwa ajili ya tamale za Krismasi, na amesema mwaka huu ana wageni wengi. Kwa hiyo katika orodha ya vifaa nimeongeza msumeno wa mifupa, na gunia safi la kukibebea.